Veronika Sekela wa Isongole, Aliyebisha Hodi Mapema

Alizaliwa Isongole, huko juu ambako ukungu wa Mlima Rungwe hushuka mpaka kwenye vizingiti vya nyumba na viazi hustawi kuliko migomba, tarehe 8 Septemba 1986, siku Kanisa linapokumbuka kuzaliwa kwa Bikira Maria. Baba yake, Gwakisa, alikuwa mkulima wa viazi na mtu wa maneno machache. Mama yake, Agness, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kaka zake walimtangulia kwa miaka mingi, nao walikuwa wamekwisha kuhamia Mbeya na Chunya kabla hajaanza shule, hivyo akalelewa kama mtoto wa pekee. Padri alimbatiza kwa jina la Veronika. Nyumbani wakamwita Sekela, ambalo kwa Kinyakyusa ni kumwambia mtu afurahi. Kanisa halijatamka lolote juu yake, nasi hatuna haraka ya kulisemea. Tunaandika kwa sababu wapo waamini wa Rungwe wanaomwomba awaombee, na anayeomba anastahili kujua anamwomba nani.

Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtoto wa mbio. Akitumwa chumvi dukani alirudi kabla maji hayajachemka. Jumapili alifika kanisani wa kwanza, akakaa kwenye benchi la mbele akihema, na watu wakasema mtoto huyu anampenda Mungu. Mwenyewe alipokuwa mtu mzima alicheka alipokumbushwa hayo. Alisema hakuwa akimkimbilia Mungu, alikuwa akikimbia ili awashinde watoto wengine. Tunalitaja hili ili asije mtu akadhani alizaliwa na taji kichwani.

Mwaka 2000, akiwa darasa la sita, goti lake la kushoto likaanza kuuma. Hayakuwa maumivu ya kuanguka. Mchana yalimwachia akaenda shule. Akilala yalirudi, na Agness akamsikia akilalama usingizini. Majirani walikuja na ushauri, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja alisema mtoto anakua, mifupa inavutika. Mwingine akamtaja fundi wa mifupa wa kule Kiwira, hodari wa kukanda kwa majani ya moto na kufunga vibao, ambaye alisemekana hajawahi kushindwa. Gwakisa alikuwa amekwisha kukubali. Siku ya safari Agness akasimama mlangoni.

"Mtoto hukua miguu yote miwili," alimwambia mumewe. "Mbona unaomuuma ni mmoja?"

"Tumkande kwanza, mama Sekela. Ikishindikana tutakwenda hospitali."

"Hospitali kwanza. Ikishindikana, kandeni mpaka mchoke."

Gwakisa hakupenda, lakini alimbeba binti yake mgongoni hadi barabara kuu, wakapata gari la kuwashusha karibu na hospitali ya misheni. Daktari alipiga picha ya eksirei, akaitazama dirishani kwa muda, akarudi kumtazama mtoto. Juu kidogo ya goti mfupa ulikuwa umepoteza umbo lake. Hakuwapa dawa ya maumivu na kuwaambia warudi baada ya wiki. "Msipitie nyumbani," alisema. "Leo hii nendeni Mbeya, na Mbeya wakisema Dar es Salaam, nendeni Dar es Salaam. Nguo mtaletewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam walichukua kipande cha uvimbe wakakipima, wakapiga picha ya kifua. Ilikuwa saratani ya mfupa, ile inayowapata watoto katika umri wao wa kurefuka na hupenda kukaa karibu na goti. Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Kifua kilikuwa safi. Sekela hakujua wakati ule kwamba neno hilo moja, safi, lilikuwa limebeba nusu ya uhai wake. Walimtundikia dripu za dawa kali, mojawapo nyekundu kama maji ya rosela. Nywele zikaanguka, mdomo ukajaa vidonda, ikawa hata harufu ya chai inamtapisha. Kisha wakamkata mguu juu ya goti. Gwakisa, ambaye binti yake hakuwahi kumwona akilia, alilia mbele ya wodi nzima. Walipoupima mguu ule waliona kwamba dawa zilikuwa zimekwisha kuua karibu uvimbe wote kabla ya kisu. Daktari aliwaambia hiyo ni dalili njema kuliko zote, ila dripu zilizobaki zisikatishwe hata kama mtoto anaonekana mzima. Agness akabaki naye. Shamba la viazi mwaka ule lililimwa nusu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mvulana wa Kiwira aitwaye Nelson, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Walikuwa rika moja, ugonjwa mmoja, mfupa uleule, dripu nyekundu ileile, na kwa kuwa wote wawili walisema Kinyakyusa, walikuwa na nyumba yao ndogo ya maneno katikati ya wodi ya wageni. Lakini Nelson alikuwa amekandwa na kufungwa vibao tangu mavuno yaliyopita. Alipoletwa, picha ya kifua chake ilionyesha madoa katika mapafu yote mawili. Siku moja baada ya chakula cha mchana, Agness akiwa amekwenda kufua, Nelson alimgeukia.

"Wewe uliwahi," alisema. "Mimi nililetwa mguu umeshakuwa kama mtungi."

"Utapona," Sekela akajibu, kwa kuwa ndivyo watu husema.

"Tusidanganyane, sisi ni watu wa nyumbani. Ukirudi waambie wasingoje."

Nelson alifariki Kwaresima ya mwaka 2001. Kitanda chake kilipewa mtoto mwingine kabla ya chakula cha mchana, na Sekela akalala ameutazama ukuta. Miaka mingi baadaye Padre Francis, paroko wake na muungamishi wake, alimwuliza wito wake ulimjia lini, akitumaini pengine kusikia habari za nuru au ndoto. "Sikusikia sauti ya mbinguni, Padre," alijibu. "Nilisikia ya Nelson, ikanitosha." Na mtu alipomsifu kwamba Mungu alimponya kwa sababu alikuwa mtoto mwema, alikataa palepale. "Nelson alikuwa mwema kuliko mimi. Mimi nilipona kwa sababu mama yangu ni mbishi."

Alirudi Isongole kwa magongo mwishoni mwa mwaka huo, na hapo ndipo upweke wake ulipoanza. Hakuna aliyemtendea ubaya. Walimpisha njiani, walimkalisha mbele, walimwekea kipande kizuri cha nyama, lakini walimpenda jinsi mgonjwa anavyopendwa, kwa mbali, kama mtu ambaye mzigo wake umekwisha kufungwa na anasubiri gari. Wasichana wenzake walipoanza kuposwa, mbele ya nyumba ya Gwakisa hakusimama mshenga. Alimaliza kidato cha nne Tukuyu mwaka 2006, kisha akaomba kuingia shirika moja la masista, kwa kuwa alitamani kuishi na watu wanaosali pamoja na kula pamoja. Aliambiwa asubiri. Akasubiri. Mwaka 2009 mama mkuu, mwanamke mpole, alimwita akamweleza kwamba maisha yao ni ya kupanda na kushuka, na kwamba shirika haliwezi kumpokea mtu ambaye afya yake hakuna anayeweza kuidhamini. "Ndaga, Mama," Sekela alisema, yaani asante, akachukua magongo yake. Alipanda gari bila kulia. Alilia Kiwira, gari liliposimama na wauza ndizi wakaja madirishani wakimwita sista kwa sababu ya kitambaa cheupe alichojifunga kichwani.

Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 2011 mama yake naye akafariki, na Sekela akabaki peke yake katika nyumba ile. Kaka zake walimnunulia mashine ya kufumia masweta, naye akawa anafuma masweta ya wanafunzi, kazi isiyokosa wateja katika baridi ya Isongole. Mashine aliiweka dirishani, na wapitao walisikia ikienda na kurudi mchana kutwa. Pale dirishani, akiwapima watoto mabega na mikono, alianza kuwatazama miguu pia.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa darasa la nne aliyeletwa kupimwa sweta akichechemea. Sekela alimwuliza mama yake tangu lini. Mama akasema tangu Pasaka, amejigonga. Akauliza kama usiku analia. Mama akamvuta mtoto karibu yake. Kesho yake Sekela akafunga nyumba, akaenda kwao kwa magongo, akabisha hodi. Aliwaambia kwa upole habari za mguu wake na za Nelson, naye akafuatana nao hadi hospitali. Ulikuwa ugonjwa uleule, ungali mdogo. Wazazi walipolazimika kurudi shambani katikati ya matibabu, ndiye aliyekaa na mtoto Dar es Salaam hadi dripu ya mwisho, kwa maana alikwisha kuona kwamba ugonjwa huu una milango miwili ya kuulia: wengine huwaua kwa kuchelewa kuja, wengine kwa kuondoka mapema. Tangu hapo hakuacha. Alisikia habari sokoni, shuleni, kwa makatekista, na popote paliposemekana kuna mtoto mwenye uvimbe wa mfupa, alikwenda. Kwa bodaboda palipofika bodaboda, na kutoka hapo kwa magongo, kwenye tope jekundu la masika na umande wa mashamba ya chai. Mara nyingi halikuwa jambo kubwa, jipu au kiungo kilichoteguka, naye alirudi akimshukuru Mungu. Mara chache lilikuwa lenyewe.

Mtu angedhani kwa kazi hii alipendwa. Haikuwa hivyo. Watu waliona tu kwamba mwanamke wa mguu mmoja alikuja nyumbani kwa fulani, na baada ya miezi mtoto wa fulani akarudi na mguu mmoja. Wakampa jina, Mkata Miguu. Akionekana kilimani, kina mama waliwaita watoto ndani. Jioni moja akitoka kisimani alisikia mwanamke nyuma ya ua akimtishia mtoto anayelia, "Nyamaza, nitamwita Sekela!" na mtoto akanyamaza kweli. Alisimama pale njiani, ndoo imefungwa mgongoni kwa kanga, akangoja mpaka pumzi imrudie. Yeye aliyepewa jina la kuwaambia watu wafurahi, jina lake lilikuwa limegeuka la kutishia watoto. Habari hii hakumwambia mtu isipokuwa Padre Francis, tena baada ya miaka.

Ndani ya sala nako hakukuwa na faraja. Alisali asubuhi na jioni, alifika misa ya kila siku alipoweza, na hakuhisi kitu. "Padre," alisema, "nikisali ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama."

"Na unaendelea kubisha?"

"Naendelea."

"Wewe umezoea milango isiyofunguliwa," Padre Francis akamwambia. "Endelea." Baadaye padri alijilaumu kwamba lilikuwa jibu la mtu asiye na jibu. Sekela alilishika hadi kufa.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2014. Palikuwa na mkulima wa viazi wa kijiji cha jirani aitwaye Meshaki, mtu wa heshima na mzee wa kanisa, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, Jackson, mchezaji mpira. Jackson alivimba chini ya goti. Sekela akaenda. Meshaki alimsikiliza akiwa amesimama, hakumpa kiti.

"Mwanangu hakatwi kama mti," alisema. "Atakuwa mwanamume wa namna gani?"

"Atakuwa mwanamume mwenye gongo, baba. Wapo. Wanaoa, wanalima."

"Umekuja kutafuta wenzako. Unaona uchungu kuwa hivyo peke yako."

Neno hilo lilimchoma Sekela kwa sababu aliogopa kwamba huenda lina ukweli, na usiku ule, kama alivyoungama, alijichunguza sana. Akarudi tena juma lililofuata. Safari hiyo Meshaki alimfungulia mbwa. Alianguka kwenye mfereji wa viazi, mbwa akaitwa, na hakuna mtu aliyekuja kumwinua. Akajiinua, akatafuta magongo yake kwa kupapasa, akaondoka. Jackson alikandwa, alichanjwa chale, alinyweshwa mizizi. Kabla mwaka haujaisha akaanza kukohoa. Alizikwa Februari 2015. Sekela alikwenda msibani, akasimama nyuma kabisa karibu na migomba michache ya pale uani. Wanawake hawakumpa mkono. Akaondoka kabla ya chakula, na kwa muda mrefu baada ya hapo Meshaki akimwona sokoni alivuka barabara.

Mwaka 2017 ugonjwa ukaingia tena katika ukoo uleule. Doreen, binti wa Ackson, mdogo wake Meshaki, aliumwa paja. Mama yake hakungoja ruhusa ya mtu. Alimpeleka mwenyewe hospitali, kisha akaja kwa Sekela kwa njia ya nyuma ya nyumba asionekane. Walikwenda Dar es Salaam pamoja. Picha ya kifua haikuwa safi. Palikuwa na madoa machache. Madaktari hawakuficha kwamba kwa mtoto aliyekwisha kufikiwa mapafuni njia ni nyembamba, lakini walisema ipo, kama dawa zitakubali, kama mguu utakatwa kwa wakati, na kama hakuna dripu itakayorukwa. Dripu za kwanza zilikwenda vizuri. Ilipotajwa siku ya kukata, Ackson alipanda basi, akafika wodini, akamchukua binti yake na kumrudisha nyumbani. Sekela aliwafuata. Alibisha kwa Ackson, hakufunguliwa. Alibisha tena siku nyingine, akasikia watu ndani wakinyamazishana.

Ndipo mchana mmoja, mashine yake ikiendelea kwenda na kurudi dirishani, aliona mtu amesimama uani ameshika kofia mkononi. Alikuwa Meshaki, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe.

"Kuna mtoto kwa Ackson," alisema.

"Najua, baba. Karibu ndani."

Hakuingia. "Nenda tena ukawaambie. Mimi siwezi kusema."

Sekela aliweka uzi chini. Padre Francis anasema Sekela aliulizwa baadaye kama katika dakika ile alihisi hasira, naye akakiri kwamba aliihisi yote, ya mbwa, ya mfereji na ya lile neno. Kisha akamwambia Meshaki maneno ambayo leo yanarudiwa katika jumuiya zetu nyingi. "Mimi wakiniona wanaona mguu uliokatwa, ndiyo maana wanafunga mlango. Wewe wakikuona wataona kaburi. Nenda wewe, baba."

Meshaki alikwenda. Mama yake Doreen ndiye aliyetusimulia. Shemeji yake aliingia, akakaa, akakataa chai. Akamtazama mdogo wake, akasema, "Mimi niliuokoa mguu wa Jackson. Nimemzika na miguu yake yote miwili. Njoo nikuonyeshe alipolala, kisha uamue." Ndugu hao wawili walitoka pamoja, wakaenda nyuma ya shamba, wakakaa huko mpaka jua likainama. Waliporudi, Ackson aliingia ndani. Alianza kukunja nguo za mtoto.

Doreen alikatwa mguu, akapewa dawa zote zilizobaki, na Sekela alikaa naye wodini karibu mwaka mzima, mama yake akienda na kurudi. Madoa ya mapafuni yalipungua, yakawa makovu, na hayajarudi. Leo Doreen yuko sekondari, kidato cha tano. Katika maajabu yanayosimuliwa juu ya Sekela, hili watu huliweka la kwanza, kwa kuwa katika miezi ile alifunga na kumwombea mtoto huyu kuliko alivyowahi kumwombea mtu. Dokta Belinda, mmoja wa waliomtibu Doreen, alipoulizwa na mwandishi huyu alijibu kwa uaminifu: "Dawa zilifanya kazi yake, na mtoto alizimaliza. Hiyo ndiyo siri ninayoijua. Lakini wengi walio kama yeye wanazimaliza, na haziwasaidii. Kwa nini yeye, sijui." Tunaliacha hapo alipoliacha daktari.

Katika mwaka uleule wa Doreen, Sekela alianza kuvimba mguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Dokta Belinda alimpima akagundua kwamba moyo wake umechoka. Ile dawa nyekundu iliyompa maisha akiwa mtoto ilikuwa imeudhoofisha polepole, kama inavyowatokea baadhi ya waliopona. Alimpa vidonge, akamkataza vilima.

"Isongole yote ni vilima, daktari," Sekela alisema.

"Basi kaa nyumbani. Ufume masweta yako."

"Nimekaa duniani miaka ambayo Nelson hakuipata. Siwezi kuitumia kukaa dirishani."

Alipunguza, lakini hakuacha. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ukimya. Watoto aliowasindikiza walikuwa wametawanyika, wengine shuleni, wengine Mbeya na Kyela, na aliowazika aliwakumbuka kwa majina katika rozari yake, Nelson wa kwanza. Wazazi waliomshukuru kwa dhati walikuwa na aibu ya kumtembelea, kwani kumwona kuliwarudishia siku walizotaka kuzisahau. Krismasi ya mwaka 2021 jirani mmoja alimpelekea ndizi za kuchemsha na nyama, akamkuta ameketi mezani, ameandaa sahani mbili. Alipoulizwa anamngoja nani, alitabasamu akasema, "Yeyote." Jirani alikuwa na wageni kwake, akaweka bakuli, akaondoka. Anasema hajajisamehe.

Asubuhi ya tarehe 22 Juni 2022, katika baridi kali, alisikia kwamba kwenye kijiji kimoja cha bondeni kuna mtoto mdogo ambaye goti limemvimba na hataki maziwa wala uji. Bodaboda ilimfikisha mwisho wa barabara. Dereva alitaka kumsindikiza. Alikataa, akasema njia anaijua. Wanawake waliokuwa wakipandisha mikungu ya ndizi walimkuta kando ya njia, ameegemea ukingo wa udongo, magongo yamelazwa vizuri ubavuni, uso umeelekea kule alikokuwa akienda. Alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyesikia neno lake la mwisho.

Wale wanawake walimfunika kwa kanga zao. Wawili walibaki na mwili. Wengine, ambao hadi siku ile walikuwa wakiwaficha watoto wao wakimwona, waliulizana alikuwa akienda kwa nani, na walipojua, waliacha mikungu ya ndizi palepale wakaenda. Walibisha, wakaeleza, na mtoto akapelekwa hospitali siku ileile. Haikuwa saratani. Ulikuwa usaha ndani ya mfupa, ambao ungemuua kama ungeachwa, naye akapona na anatembea.

Mazishi yake yalifanyika Isongole, ukungu ukiwa mzito hata waliokuwa nyuma hawakuliona jeneza. Ndipo watu waliposikia, kabla ya kuona, sauti ya magongo yakigonga mawe ya njiani. Vijana walikuwa wanapanda kilima, kutoka Busokelo, Kyela, Mbeya mjini na Tukuyu, wengine kwa miguu ya bandia, wengine wakiwa na watoto wao wenyewe mgongoni. Wengi wao hawakufahamiana. Kila mmoja alidhani yeye ndiye aliyebaki peke yake. Meshaki alikuwa ameomba kuchimba kaburi, akalichimba bila kusaidiwa. Padre Francis alianza mahubiri akashindwa, akakaa, na waamini wakaimba mahali pake.

Tangu hapo yamesemwa mengi. Mwaka 2023 mtoto mmoja wa Kiwira, aliyekuwa akipiga kelele kwa hofu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alinyamaza ghafla. Baadaye alimwambia mama yake kwamba dada mwenye magongo alimshika mkono akamwambia hata yeye aliogopa. Mtoto huyo hakuwahi kumwona Sekela wala picha yake. Tumeandika kama lilivyosemwa, na hukumu tunaliachia Kanisa. Ajabu ambayo sisi sote tumeiona kwa macho ni nyingine. Kina mama wa jumuiya za Isongole na za bondeni wamejigawa, na penye habari ya mtoto anayechechemea wanakwenda wawili wawili. Mmoja akiishiwa maneno, mwenzake huongea. Wakifukuzwa, wanarudi wakizungumza njiani. Na mzazi akilazimika kutoka wodini kwenda shambani, kuna zamu ya kukaa na mtoto hadi dripu ya mwisho. Neema hiyo ya kuwa wawili Sekela hakuipata, na sisi tuliokuwa majirani zake ndio tuliomnyima.

Basi wewe usomaye, usitafute kumwiga kwa mambo makubwa. Mtoto wako, au wa jirani, akilalamika mfupa mmoja siku baada ya siku, na maumivu yakimwamsha usingizini, usimwambie anakua, wala usimpe wa kumkanda. Mchukue. Ukiambiwa ni jipu, shukuru na urudi. Ukiambiwa ni kile kingine, usiondoke mpaka dawa ziishe. Na ukisikia mlangoni kwako hodi ya mtu usiyempenda, aliyekuja kukuambia usilotaka kusikia, Mungu aliyemwona Veronika Sekela njiani peke yake akupe nguvu ya kuinuka, umfungulie, na umpe kiti.